Diski ikikaa kimya, uliza nakala nyingine iko wapi

Wateja wa benki, hospitali na ofisi za serikali wameshazoea kuambiwa kwamba mtandao uko chini. Kauli hiyo hufunika mambo mengi ambayo hayana uhusiano wowote na mtandao, na mojawapo ni hili: katika chumba cha seva kuna diski iliyopewa amri ya kusoma au kuandika, nayo ikanyamaza. Mifumo ya jamii ya Unix haingoji milele. Draiva ya diski ina saa yake. Linux kwa kawaida huipa amri moja sekunde 30, FreeBSD huzipa diski za SATA sekunde 30 na za SCSI 60, na Solaris ilikuwa na 60. Muda huo ukipita, logi huandika kwamba muda umekwisha, keneli hujaribu kuiamsha diski na kuirudia amri, na wakati huo wote hifadhidata iliyoomba kile kipande cha data imeganda. Draiva ya diski za SCSI katika Linux inaruhusu marudio hadi 5, hivyo zile sekunde 30 zinaweza kugeuka dakika tatu. Mchakato ulioganda namna hiyo hauuliki hata kwa kill -9, na msimamizi wa seva anayeijaribu amri hiyo kwa mara ya tatu anajichosha bure.

Kinachofuata katika ofisi nyingi ni moja ya hatua tatu. Mmoja ataongeza muda wa kusubiri mpaka logi iache kulalamika. Mwingine ataizima foleni ya amri, kwa kuwa alisoma mahali kwamba foleni ndiyo yenye matatizo. Wa tatu atachomoa diski na kuweka mpya. Kila hatua kati ya hizi ina mahali pake, na hapo ndipo ugumu ulipo, maana anayeichukua mahali pasipostahili naye huona nafuu ya siku chache na kuamini ametibu. Ninachoshikilia ni kwamba hakuna hata moja inayofaa kuguswa kabla ya kujibu swali ambalo halimo kwenye logi: diski hii isipojibu, nakala nyingine ya data iko wapi, na ni tabaka gani la mfumo linalojua kuifikia? Muda wa kusubiri unatokana na jibu la swali hilo. Jibu lenyewe analo mwenye data, wala hatalipata katika mwongozo wa draiva.

Tuanze na foleni, kwa sababu ndiyo inayosingiziwa zaidi. Diski ya kawaida ya sahani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3. Ikipewa amri moja moja, kwa wastani itasubiri nusu mzunguko kila mara kabla data inayotakiwa haijapita chini ya kichwa cha kusomea, ukiacha muda wa kukisogeza kichwa chenyewe. Ndiyo maana SCSI-2, tangu miaka ya 1990, iliruhusu diski kupokea amri nyingi kwa pamoja, kila moja na lebo yake, na SATA ikafuata baadaye kwa foleni ya amri 32. Diski hufanya kama muuza duka la jumla aliyepokea oda za wateja kumi: anapita rafu kwa rafu akikusanya vitu kwa mpangilio wa rafu, hafuati nani alitangulia kufika. Kazi huenda haraka, ila kuna mteja anayeweza kusahaulika kwenye kona kwa sababu oda yake iko rafu ya mbali na wapya wanazidi kuingia. Waandishi wa FreeBSD waliliona hilo, wakaifanya draiva yao ya SCSI itume kila baada ya muda amri yenye lebo ya mpangilio, inayoilazimisha diski kumaliza zote zilizotangulia kabla ya kuendelea. Kwa maneno mengine, amri inaweza kuchelewa ilhali diski ni nzima kabisa na inafanya kazi kwa bidii.

SATA ina udhaifu mwingine. Amri moja ya foleni ikikumbana na kosa, foleni nzima husimama; amri nyingine zote zilizokuwa ndani hutupwa na lazima zitumwe upya. Asiyejua hilo akifungua logi ataona makosa zaidi ya thelathini katika sekunde moja, ataamini diski imekufa, kumbe mwenye kosa ni mmoja na wengine ni majirani zake. Ndiyo sababu napendekeza kuisoma logi taratibu, tarakimu kwa tarakimu. Linux inapoona bandari ya SATA imeganda, huchapa namba iitwayo SAct, ambamo kila biti inasimama badala ya amri moja ambayo haijajibiwa. Ukiona 0x7fffffff, biti 31 zote zimewaka: amri 31 zilikuwa nje na hakuna hata moja iliyorudi. Ukiona 0x00000400, ni amri moja tu, ile ya lebo namba 10. Hali ya kwanza inakutuma kutazama vitu ambavyo amri zote zinashiriki, yaani kebo, umeme, kontrola na programu ya ndani ya diski. Ya pili inakutuma kwenye anwani moja juu ya sahani, hasa ikiwa anwani hiyo hiyo inajirudia kila mara. Halafu unaziuliza kaunta za SMART za diski yenyewe: namba 199 huhesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na kontrola, namba 197 huhesabu sekta zinazosubiri kuhukumiwa, na namba 5 zilizokwisha kuhamishwa. Namba 199 ikipanda huku 197 na 5 zikiwa sifuri, wa kushukiwa kwanza ni kebo, na kebo ni kifaa cha bei ndogo mno kuliko saa za kazi zinazopotea kwa kuitafuta.

Anayesema kwamba diski siku hizi ni rahisi, ichomolewe tu, ana hoja ya uchumi inayosikika vizuri. Ushahidi haumuungi mkono. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois na kampuni ya NetApp walichapisha uchunguzi wa miezi 44 uliohusu mifumo ya hifadhi takriban 39,000 yenye diski zipatazo milioni 1.8. Walikuta kwamba, kutegemea aina ya mfumo, diski zenyewe zilichangia kati ya asilimia 20 na 55 ya hitilafu za hifadhi, wakati viunganishi, yaani kebo, bodi na njia za kupitishia data, vilichangia kati ya asilimia 27 na 68. Kwa hiyo anayechomoa diski kila logi inapolalamika ana nafasi kubwa ya kumwadhibu asiye na kosa. Na adhabu hiyo ina gharama. Diski mpya ikiingia kwenye kundi la RAID, yaani diski kadhaa zinazotunziana nakala, zilizobaki hulazimika kusomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho ili kuijaza, kwa saa nyingi, pengine siku, na ni katika usomaji huo ndipo sekta mbovu iliyojificha kwenye diski ya pili hujitokeza. Kama chanzo kilikuwa kebo, diski mpya itanyamaza kama ile ya kwanza, safari hii kundi likiwa tayari limepungukiwa.

Hata hivyo, utafiti huo usigeuzwe kuwa ruhusa ya kuendelea kuiamini kila diski. Wahandisi wa Google, katika ripoti yao ya 2007 iliyohusu diski zaidi ya 100,000, waligundua kwamba diski ikishaonyesha kosa la kwanza katika ukaguzi wa uso wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa hilo. Ripoti hiyo hiyo ilionyesha pia kwamba zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa ishara hata moja kati ya zile nne zenye uzito. SMART ikilalamika, isadikiwe. Ikinyamaza, isichukuliwe kuwa cheti cha afya.

Kuna vyanzo ambavyo hakuna kaunta inayovihesabu. Mwishoni mwa 2008 Brendan Gregg, mhandisi wa Sun Microsystems, alisimama mbele ya safu ya diski zikiwa kazini, akazipigia kelele kwa mdomo wake, na grafu ya ucheleweshaji ikapanda palepale. Mtetemo wa sauti ulitosha kuvitikisa vichwa vya kusomea. Lilikuwa jambo la kuchekesha mpaka Septemba 2016, pale benki ya ING huko Bucharest, Romania, ilipofanya majaribio ya mfumo wa kuzima moto. Gesi ilipofumuka ilitoa kishindo kikubwa kiasi cha kuharibu diski kadhaa, na huduma za kadi na mashine za kutolea pesa zikasimama kwa takriban saa 10. Ripoti ya 2018 iliyokusanya visa 101 vya vifaa vinavyolegea pasipo kufa, kutoka taasisi 12, ina kisa cha feni moja iliyosimama. Feni nyingine zikazunguka kwa kasi ya juu kabisa kufidia, na mtetemo wake ukazipunguzia diski kasi. Fundi aliyekwenda kwa mawazo ya kubadili diski angebadili hadi akachoka, na feni iko palepale.

Turudi kwenye subira, maana ndiyo kiini cha mzozo. Diski iliyotengenezwa kwa kompyuta ya mezani ikikutana na sekta isiyosomeka hujaribu tena na tena, kwa dakika nzima au hata mbili, kwa sababu inajiona ndiyo pekee yenye data hiyo. Ni uamuzi wa busara kabisa: afadhali mwenye kompyuta angoje dakika mbili kuliko kupoteza picha za harusi. Chukua sasa diski hiyo hiyo uiweke katika seva yenye RAID, ambamo kila kipande cha data kina nakala kwa jirani. Diski inapambana kimya kimya kwa sekunde 120. Saa ya Linux inafika 30. Keneli, isiyojua kwamba kuna mtu anafanya kazi huko ndani, inakata mawasiliano na kuiwasha diski upya. Diski, ikiwa bado imezama katika mapambano yake, haijibu hata hilo. RAID inaifukuza kwenye kundi. Sekta moja mbovu imeifukuza diski nzima. Diski za seva hupangwa kukata tamaa mapema, mara nyingi baada ya sekunde 7, na kusema wazi kwamba sekta fulani haisomeki. RAID inapopata jibu hilo huchukua nakala kwa jirani, huiandika upya juu ya sekta mbovu, na aliye dirishani hajui kama kuna kilichotokea. Saba ni ndogo kuliko thelathini, na huo ndio mpangilio ninaoutetea: aliye chini akate tamaa kabla ya aliye juu yake, mradi aliye juu anajua nakala nyingine iliko.

Mwaka 2020 ulitupa mfano wa jinsi mpangilio huo unavyoweza kuvunjwa kiwandani bila mnunuzi kujua. Watumiaji wa mfumo wa faili wa ZFS walikuwa wakilalamika kwamba baadhi ya diski mpya za WD Red, zilizouzwa mahususi kwa seva ndogo za kuhifadhia data, zilikuwa zikifukuzwa kwenye kundi wakati wa kujengwa upya. Aprili mwaka huo Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski hizo, za kati ya TB 2 na 6, zilitumia mbinu ya kuandika mistari inayolaliana kama vigae. Mbinu hiyo huongeza nafasi, lakini ukiandika mfululizo kwa muda mrefu diski hulazimika kusita na kupanga upya mistari yake, na kusita huko kunaweza kupita subira ya mfumo. Diski hizo hazikuwa zimeharibika. Aliyezirudisha dukani kama mbovu hakukosea kuzikataa, alikosea sababu tu. Na aliyeongeza muda wa kusubiri alipata kundi linalojengwa upya kwa siku nyingi huku likiwa halina akiba.

Hapa nitapingwa na wenye uzoefu, na pingamizi lao lina nguvu. Watasema wataalamu wa RAID ya Linux wenyewe hushauri kuongeza muda wa keneli hadi sekunde 180. Ni kweli, na ushauri huo unakubaliana na ninachokitetea. Unatolewa kwa diski zisizokubali kupangiwa kukata tamaa mapema. Kama diski itapambana dakika mbili upende usipende, basi keneli ingoje dakika tatu, kwa kuwa mbadala wake ni kumfukuza mshiriki mzima kwa kosa la sekta moja. Wateja watangoja pia, na hilo ndilo deni la kununua diski ya mezani kwa kazi ya seva. Vilevile diski iliyo peke yake, isiyo na RAID wala nakala, inastahili kupewa muda wote inaoutaka. Ninachokikataa ni kuongeza muda kwa diski iliyokwisha kupangiwa sekunde 7 na bado ikanyamaza 30. Hiyo imevunja ahadi yake yenyewe, na kuipa dakika tatu ni kumnyamazisha shahidi.

Kuhusu foleni, wapo watakaosema waliizima na seva ikatulia. Nawaamini. Keneli ya Linux yenyewe ina orodha ya diski ambazo foleni yake imethibitika kuwa na kasoro, nayo huizima bila kuuliza. Ila kuipunguza foleni hadi 1 hupunguza pia mzigo, joto, mtetemo na kiasi cha data kinachopita kwenye kebo mbovu kwa sekunde, kwa hiyo utulivu unaopatikana hauthibitishi kwamba foleni ndiyo ilikuwa mkosaji. Kama kipimo, ni bora sana: unaandika namba 1 kwenye faili ya queue_depth ya diski husika, bila kuizima seva, unatazama, kisha unarudisha. Kama tiba ya kudumu ni ghali, na hulipwa kila siku na watu wanaongoja. Tahadhari ya kutomhukumu mtuhumiwa wa kwanza ina mfano wake mzuri wa 2015. Kampuni ya Algolia ilieleza hadharani jinsi data ilivyokuwa ikiharibika kwenye diski zake za SSD za Samsung, na dunia nzima ya seva ikaelekeza kidole kwa Samsung. Wahandisi wa Samsung walipochimba, walikuta kasoro iko ndani ya keneli ya Linux, katika namna ilivyogawanya amri za kufuta kwenye RAID.

Pingamizi la mwisho ni la wanaosema mjadala huu umepitwa na wakati, kwamba sahani zinazozunguka zinatoweka na seva zinahamia kwa watoa huduma wa mbali. Lakini NVMe, njia ya kuunganisha SSD za kisasa, imeongeza foleni kutoka moja hadi zaidi ya 65,000, na bado Linux inaipa amri ya NVMe sekunde zilezile 30. Kwa watoa huduma wa mbali, ushauri wa Amazon kwa diski zake za EBS unaonekana kuniumbua: weka muda mkubwa kabisa unaokubalika, ambao kwenye keneli za kisasa ni sekunde 4294967295, yaani miaka 136. Tazama lakini nakala ziko wapi. EBS huzitunza nakala nyuma ya pazia, kwenye mitambo ya Amazon yenyewe. Seva ya mteja haizioni na haina njia ya kuzifikia. Ikikata tamaa haitapata mahali pengine pa kusoma, itaishia kuufunga mfumo wa faili na kusimamisha kazi. Kwa hiyo inangoja, na anayetakiwa kukata tamaa mapema ni yule aliye nyuma ya pazia.

Kwa taasisi za kwetu zinazoendesha seva zao wenyewe, jambo hili linaanzia kwenye zabuni. Pale penye RAID, sharti la diski kukubali kupangiwa muda wa kukata tamaa liandikwe pamoja na ukubwa na bei, na likaguliwe siku mzigo unapopokelewa. Amri ya smartctl -l scterc hutoa jibu papo hapo. Kwa diski zinazokubali, smartctl -l scterc,70,70 huweka sekunde 7 za kusoma na 7 za kuandika. Ila diski nyingi hazikumbuki mpangilio huo zikizimwa. Amri hiyo isipowekwa miongoni mwa zile zinazojiendesha seva inapowaka, basi kila umeme unapokatika kupita uwezo wa UPS, diski zitaamka na subira ya dakika mbili chini ya keneli yenye subira ya nusu dakika, na hakuna mstari wowote kwenye logi utakaosema hivyo.